Mwalimu wa Vitu Visivyodumu

Mwalimu alihubiri mwendo wa polepole kila siku ya Mungu, kisha akipanda bodaboda pale Temeke anamgonga dereva begani: "Kaza, kijana! Tunalala njiani hapa?" Nilimwona kwa macho yangu, kanzu kaipandisha magotini, helmeti imekaa juu ya baraghashia, mkono mmoja umekumbatia mfuko wa mihogo ya kukaanga. Asubuhi ya siku hiyohiyo alikuwa amenisimanga mbele ya darasa zima kwamba mie ni mtu wa pupa, na pupa haijawahi kushika kitu. Nilipomkumbusha akasema sheria ile ni ya elektroni, na yeye si elektroni.

Namwita Mwalimu kwa sababu kila mtu alimwita hivyo, toka wauza kahawa wa mtaani kwake hadi wakubwa wenzie chuoni. Kwa haki alikuwa Daktari, shahada anayo, imetundikwa sebuleni juu ya friji. Lakini jina hilo alilikataa baada ya majirani kuanza kumletea watoto wanaoharisha. Mama mmoja alimlilia mlangoni na mtoto mgongoni, na Mwalimu, badala ya kumweleza kuwa udaktari wake ni wa vitu visivyokuwa na tumbo, akamchanganyia mtoto maji ya chumvi na sukari. Mtoto akapona. Kesho yake barazani palikuwa na foleni, na dada yake akatangaza mtaa mzima kwamba mdogo wake hatibu hata kuku.

Kazi yake ilikuwa kufundisha fizikia chuo kikuu, na ndani ya fizikia alikuwa na kitu kimoja tu alichokipenda mpaka akachosha watu: elektroni za polepole, na kinachotokea zikigongana na molekuli zisizodumu. Alikuwa hawezi kukaa kwenye shughuli yoyote bila kukileta. Umemwalika harusi, anawaeleza watu wa meza yake. Umemwalika maulidi, anamshika shehe pembeni.

"Elektroni ya mbio," alikuwa akisema, "ni sawasawa na mgeni aliyekosea ukumbi. Anaingia, anakatiza katikati ya meza, anatokea mlango wa nyuma, na harusi inaendelea. Sasa ile ya polepole! Hiyo inavuta kiti. Inakaa. Inajipakulia pilau. Mkija kushtuka, bwana harusi kaondoka nayo na bibi harusi kabaki peke yake jukwaani."

Ndivyo ilivyo, alisema. Elektroni yenye nishati ndogo inang'ang'ania kwenye molekuli, molekuli inashindwa kuibeba, inapasuka vipande viwili, na kipande kimoja kinakwenda zake na hiyo elektroni. Mie nilielewa siku ya kwanza. Hesabu zake ndizo zilizonitoa jasho.

Kisha anakuja kwenye mapenzi yake yenyewe. "Kuna molekuli zina elektroni moja isiyo na mwenza. Tunaziita radikali. Hizi hazitulii, jamani! Ikizaliwa tu inashika cha kwanza kinachopita, iwe hewa, iwe ukuta, iwe nyingine ya aina yake. Huwezi kuiweka kwenye chupa ukasema nitaipima kesho. Lazima uizalishe, na papo hapo uikutanishe na elektroni ya polepole kabla haijafa. Waliofanikiwa kupima hilo duniani ni wachache. Sasa mie nataka kulipima hapa. Hapahapa Dar, kwenye joto hili, na umeme huuhuu."

Jamaa mmoja wa nyuma, mtu wa mzaha, akanyoosha mkono. "Mwalimu, na wewe mbona huna mwenza na umetulia tu?"

Darasa likavunjika mbavu. Mwalimu akafuta ubao taratibu, akageuka. "Mie niko kwenye ombwe, hamna hata hewa. Sikutani na mtu."

Jibu lile tulilibeba miaka mingi, na mpaka leo tukikutana tuliosoma wote lazima mtu alitoe. Alikuwa kapera kweli. Aliishi na dada yake mkubwa, mjane, ambaye sote tulimwita Bi Mkubwa. Bi Mkubwa ana duka la vitambaa Temeke, la tangu wazee wao, na kwa maoni yake dunia ina watu wa aina mbili: wanaojua kupima kitambaa na wanaopoteza wakati. Mdogo wake akawekwa naye kundi la pili bila kinyongo. "Huyu," aliniambia siku ya kwanza naingia kwao, "kasomeshwa hadi Ulaya, karudi anatafuta kitu ambacho kikipatikana kinakufa. Mwanangu, wewe unalielewa hilo?"

Nikasema, "Naelewa kidogo, Bi Mkubwa."

"Basi na wewe pole."

Watu walimuuliza faida ya kazi yake, na hapo ndipo ulimi wake ulipokuwa mkali. Alikuwa anakuomba simu yako. Ukimpa, anaishika juu. "Humu ndani mna chipu. Ile michoro yake midogo imechongwa kwa gesi iliyojaa radikali na elektroni za polepole. Waliojua zinavyogombana ndio waliojua kuchonga. Sasa wewe unayetumia simu hii kutuma picha za kucha, unaniuliza mie faida?" Kisha anakurudishia simu yako. Watu wengi hawakuuliza mara ya pili.

Alikuwa na msemo wake mmoja, nao ulimtia matatani: "Kufa upesi si kutokuwepo." Kwenye maabara ulikuwa msemo mzuri. Tatizo alitoka nao nje. Jirani yake alioa kwa mbwembwe, kamati ya harusi ikakaa vikao mpaka watu wakachoka, na ndoa haikufika hata Ramadhani. Watu wakaenda kumpa pole. Mwalimu naye akaenda, akamshika mkono, akamwambia kwa upole wote, "Usisikitike. Kufa upesi si kutokuwepo. Ndoa yako ilikuwepo." Jirani hakumsalimia tena mpaka alipooa mke mwingine. Mwalimu hakuwahi kuelewa amekosea wapi.

Na usafi! Nyumbani alikuwa mchafu wa kupigiwa mfano. Makombo ya kashata yalijaa kitandani, kahawa imemwagikia vitabu, na soksi alizitafuta kwa pua. Ukiingia maabara yake utadhani umeingia chumba cha upasuaji. Hugusi kitu bila glavu. Hupigi chafya. "Alama ya kidole kimoja ndani ya ombwe ni jalala," alikuwa akituambia. "Utasukuma hewa nje wiki nzima na jasho la kidole chako bado linafuka humo ndani, linasingizia kuwa ndiyo matokeo yako." Kulikuwa na mwanafunzi mmoja aliyeshika bomba kwa mkono mtupu. Mwalimu hakumgombeza. Alilichukua bomba lile, akaenda kuliosha mwenyewe, akaliosha tena, huku akiomboleza kwa sauti ya chini utadhani kafiwa. Yule mwanafunzi akahamia sheria.

Mie fizikia iliniacha, nami sikuifukuzia. Nikaingia kazi ya kutoa mizigo bandarini, nina kiofisi changu Kurasini, nashinda na malori, makontena na watu wa forodha. Ni kazi ya maneno. Ukweli unausema, ila unachagua uanzie upande gani. Mwalimu alikuwa ananicheka: "Umeacha kusoma kitu kisichodumu, umekwenda kusema maneno yasiyodumu." Lakini siku alipopata shida, ofisini kwa nani alikuja? Kwangu.

Alikuja hana raha. Alikuwa anastaafu. Chumba chake cha maabara mkuu wa idara alikitaka kwa ajili ya kompyuta. Mkuu huyo alikuwa mwanafunzi wake zamani, tulisoma naye, si mtu mbaya. Alimwambia wazi: Mwalimu, nionyeshe matokeo, hata moja tu, kilima kimoja kwenye grafu cha kuonyesha radikali zimepasuka, nami nitakupigania ubaki na chumba chako mpaka uchoke mwenyewe. Bila hivyo muhula ukiisha tunafunga. Wakati huohuo rafiki yake wa ng'ambo, ambaye maabara yao ilikuwa inavunjwa, akampa bure kile alichokiota maisha yake yote: pipa kubwa la chuma cha pua lenye matundu kila upande, na pampu zake za kunyonya hewa. Ndani yake ndimo radikali zingezaliwa, ndimo elektroni zingezikuta.

"Binti," akaniambia, "nitolee pipa langu. Nataka kukiona kilima hicho mara moja kabla sijafa. Sitaki kingine."

Nikaenda naye forodhani. Nilimwomba anyamaze, mie ndiye niseme. Ofisa akauliza mzigo ni nini. Kabla sijafungua mdomo Mwalimu akasema, "Ni chombo cha kuzalishia vitu visivyodumu."

Ofisa akainua kichwa. "Visivyodumu kwa muda gani, mzee wangu?"

"Ukimaliza kuuliza hivyo, vimeshakufa."

"Sasa mie nikague nini?"

"Hilo ndilo swali langu la miaka yote," akasema Mwalimu, akafurahi kabisa, akavuta kiti. Ofisa yule alielezwa habari ya mgeni aliyekosea ukumbi mpaka mwisho. Mzigo ukatoka siku hiyohiyo. Nadhani alitaka tu tuondoke.

Ilikuwa Ijumaa. Tukapiga simu chuoni, mtunza stoo kaondoka na funguo, hadi Jumatatu. Basi pipa likapelekwa Temeke, likaingizwa sebuleni, likakaa katikati ya makochi chini ya ile shahada. Mwalimu akalizunguka akilitazama. Matundu yake yote yalikuwa yamefunikwa foili, safi, kama yalivyotoka huko. Akamwambia Bi Mkubwa asiruhusu mtu kuligusa, akaenda msikitini. Mie nikaenda kumalizana na watu wa lori.

Niliporudi nilikutana na Mwalimu mlangoni anavua viatu, tukaingia pamoja. Harufu ilitupokea kabla ya Bi Mkubwa. Udi! Nyumba nzima inanukia. Bi Mkubwa amevaa nguo yake ya sikukuu, chetezo mkononi, na pipa liko wazi, matundu yote wazi, moshi mweupe unatoka humo taratibu. Foili zake zimefunika sinia za biriani mezani. Bi Mkubwa alipotuona akapiga kigelegele.

Mwalimu alisimama kwenye zulia, kiatu kimoja bado kiko mkononi.

"Dada," akasema. "Umefanya nini?"

"Nimempokea mgeni wako! Kitu kikubwa namna hii kiingie nyumbani kwetu kikavu? Na macho ya watu wa mtaa huu unayajua. Hakuna hasidi atakayekiweza sasa." Kisha akashusha sauti. "Ule udi nilikuwekea tangu ulipotoka masomoni. Wa harusi yako. Nimeingoja mpaka nikachoka. Nikasema basi, leo mdogo wangu kaleta kitu nyumbani anachokipenda. Uwe wa hiki."

Mie nilitaka ardhi inimeze. Nilikijua kidole kimoja kinafanya nini ndani ya ombwe, sembuse chetezo kizima. Nikamtazama Mwalimu nikisubiri aomboleze kama alivyoombolezea lile bomba.

Akakiweka kiatu chini. "Ahsante, dada," akasema. "Umenifurahisha sana." Akakaa, akala biriani, akaongeza.

Nilipotoka alinisindikiza hadi barazani. Uso ulikuwa umemshuka. "Asijue," akaniambia. "Si leo, si kesho. Umenisikia, binti?"

"Mwalimu, litasafishika?"

"Tutalipasha moto. Moto unatoa vingi."

Alilipasha moto muhula mzima. Alilizungushia mikanda ya umeme, akalifunika foili mpya, pampu zinavuma mchana kutwa. Umeme ukikatika joto linashuka na anaanza upya. Nilikuwa napita kumwona nikitoka Kurasini, na wiki za mwanzo korido nzima ya idara ilinukia chumba cha bibi harusi. Mkuu wa idara akamuuliza kwa heshima, "Mwalimu, umeoa?" Mwalimu akasema ni kanzu zake, siku hizi anazifukiza. Polepole harufu ikaisha. Mie nikashangilia. Yeye hakushangilia. Alisema pua ni chombo dhaifu.

Muhula ulipokaribia kwisha akaniita. "Njoo. Leo nawaonyesha." Nikafunga ofisi nikaenda. Alikuwepo mkuu wa idara na walimu wengine wachache. Mwalimu kavaa koti jeupe, glavu mkononi, hasemi mzaha hata mmoja, na hilo ndilo lililonitia hofu. Akafungulia gesi yake. Akawasha kijibomba cha moto ambamo gesi ile inavunjika kuwa radikali. Akaziongezea elektroni nishati kutoka sifuri kwenda juu, kidogo kidogo. Kwenye skrini mstari ulilala chini, ukalala, ukalala. Kisha ukainuka.

Ukapanda, ukafika juu, ukashuka. Kilima. Kizuri, cha mviringo, mahali palepale alipotuambia kitakuwa tangu tuko darasani. Watu wakapiga makofi. Mkuu wa idara, mtu mzima na kitambi chake, akaruka. "Mwalimu! Chumba ni chako! Nakwenda kuandika sasa hivi!" Mie nilikuwa nalia, sisemi uongo.

Mwalimu akainua mkono. "Subirini."

Akazima kijibomba cha moto. Bila moto hakuna radikali, hilo hata mie nalijua. Akarudia kipimo. Kilima kikainuka vilevile. Akafunga na gesi kabisa, sasa humo ndani hamna kitu. Kilima kikainuka vilevile.

Mkuu wa idara akauliza polepole, "Sasa hiki ni nini?"

"Uchafu," akasema Mwalimu. "Umo ukutani mwa pipa. Elektroni zinavunja uchafu."

"Uchafu wa nani? Kwenye maabara *yako*?"

Akanitazama mara moja tu. Kisha akavua glavu zake. "Wangu. Siku lilipofika nililishika kwa mkono mtupu, ndani. Nilikuwa na pupa."

Wale walimu walitazama sakafu. Mmoja, ambaye alifundishwa naye kunawa kabla hata ya kufundishwa kupima, akacheka kidogo puani. Nilitamani kumzaba kofi. Mtu aliyejenga jina lake lote juu ya usafi alilivunja hapo hapo mbele yao, na chumba kikaenda nalo.

Nilimfuata hadi nje ya jengo nikamwakia. Sikumbuki niliwahi kumpandishia mtu mzima sauti namna ile. "Mwalimu, ungenyamaza tu! Walishakubali! Ungebaki na chumba, ungelisafisha mwaka mzima, ungekipata cha kweli. Nani angejua?"

"Mie."

"Basi kama ni ukweli, ungeusema wote!"

"Ningeusema wote, jioni ungefika Temeke. Huijui idara ile? Wangesimulia mpaka sokoni. Dada yangu aliutunza udi ule ujana wake wote, binti." Akanipa mkono, akatafuta bodaboda, na mara hiyo hakumwambia dereva akaze.

Pipa lilipelekwa stoo. Sijui kama bado lipo.

Mwaka huu kabla ya Idi nilikwenda Temeke kununua kitambaa cha pazia. Niliingia dukani kwa Bi Mkubwa nikamkuta Mwalimu nyuma ya meza, mkasi mkononi, amekonda, ndevu nyeupe tupu. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Akaitikia marahaba, akaniuliza nimeolewa, nikamwambia niko kwenye ombwe. Alicheka mpaka akakohoa. Bi Mkubwa alikuwa kwenye kiti chake pembeni. Miguu haimbebi siku hizi, lakini mdomo uko imara.

"Mtazame," akaniambia. "Anakata vitambaa upande. Kila siku namwambia, wewe ni mzembe, uzembe wako ndio uliokupotezea ile kazi. Mashine nimeipokea vizuri, imeingia nyumbani kwa heshima zake, halafu yeye anakwenda kutia mikono michafu! Miaka yote anaota kitu kimoja, kinakuja, anakishika kwa mikono ya mihogo!"

"Ni kweli, dada," Mwalimu akasema, huku akipima pazia langu.

"Ni kweli, dada! Hilo ndilo jibu lake kila siku." Alikuwa na hasira ya kweli, na machozi yalikuwa yanamlenga. "Nalala sipati usingizi, nawaza. Mdogo wangu simjui kuwa mtu wa kugusagusa. Pengine anamficha mtu. Pengine kuna mtu kamharibia makusudi, na yeye kwa huo upole wake kambeba." Akaninyooshea kidole. "Wewe ulikuwepo tangu bandarini. Nambie leo, mwanangu, usinifiche. Alishika kweli?"

Mkasi ukasimama katikati ya kitambaa. Mwalimu hakuinua macho.

"Alishika, Bi Mkubwa," nikasema. "Mie nilimwona."